Miti Iliyokufa Baada ya Mvua Kurudi

Siku ya kwanza nilipofika katika kijiji kimoja juu ya Pito, mama mmoja aliniamkia shikamoo akiwa bado ndani jikoni. Alikuwa amesikia watoto wakipiga kelele kwamba Bibi Misitu, yaani afisa misitu mpya, amekuja, na kwake yeye bibi ni mtu wa kuamkiwa. Nami nikaitikia marahaba, mdomo ukiwa umetangulia akili. Akatoka akijifuta unga mikononi, akakuta binti mwembamba, buti kubwa kuliko miguu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Haya," akasema, "nirudishie shikamoo yangu."

Nikamrudishia, na ya kwangu juu yake. Alicheka mpaka akashikilia mlango.

Huyo ndiye Mama Skolastika, mjane, mkulima hodari kuliko wote kijijini, na baadaye rafiki yangu wa miaka mingi. Nawasimulia habari yake na ya kilima chake kwa sababu wengi wenu mnaopita hapa kwangu Malangali mnaniuliza swali lilelile: "Bibi, mtu anajuaje ukame ukija msitu utaumia wapi?" Siku hizi naitwa bibi kwa haki, na muda ninao.

Najua mna picha zinazopigwa kutoka angani. Nimeonyeshwa kwenye simu, na nilifurahi kama mtoto. Laiti ningekuwa nazo wakati ule, nisingemaliza buti nyingi hivyo. Lakini picha inawaonyesha mahali pameiva rangi ya kahawia. Haiwaambii kwa nini. Na katika kazi hii, vijana wangu, kuna watu wanaweza kupoteza makazi yao kwa sababu ya hiyo "kwa nini".

Aliyenifundisha kuitafuta aliitwa Mzee Desideri, mlinzi wa msitu tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilitoka chuoni na majina ya miti kwa Kilatini. Yeye alikuwa na nondo, kipande cha chuma kirefu kama fimbo ya kutembelea, ncha yake imechongwa kwa kusuguliwa kwenye jiwe. Tulipatana haraka. Nilimfundisha majina, akawa anayatamka kama anaita watakatifu, naye akanifundisha kuchoma nondo ardhini.

Jambo lenyewe ni rahisi. Unasimama karibu na mti, unaibana nondo kwa mikono miwili, unaisukuma taratibu. Ikizama sana kabla ya kugonga mwamba, mti ule una ghala. Mvua ikikatika, utakula akiba. Ikigonga mapema, mti ule unaishi kwa kutwa, kama kibarua. Ukame ukija utaanza nao. Pima hapa, sogea, pima tena, na baada ya muda unaanza kuuona mwamba chini ya majani, unavyopanda na kushuka, kama unavyouona mgongo wa mtu chini ya shuka.

Wiki zangu za kwanza niliichoma mahali fulani ikazama yote, nikabaki nimeshika hewa. Nikamwita Desideri kwa shangwe: "Mzee, njoo uone! Hapa udongo ni mrefu ajabu!"

Akaja, akainama, akachungulia tundu.

"Mwanangu," akasema, "umempima fuko. Udongo bado."

Nilikuwa nimeingiza nondo kwenye njia ya fuko. Tangu siku hiyo, kila tukipita kwenye vichuguu vya fuko, Desideri alivua kofia na kusema, "Msalimie rafiki yako." Kwa hiyo na ninyi pimeni zaidi ya mara moja. Ardhi haina nia ya kuwadanganya, lakini haina haraka ya kuwaeleza pia.

Yako mambo mengine aliyonionyesha, mengine tuliyagundua pamoja. Miti iliyosongamana bila kupunguzwa huumia mapema, kwa kuwa yote inakula sahani moja. Miti ya pembeni hupigwa na ule upepo wetu wa Ufipa, mnaoujua, unaokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Mikubwa mara nyingi huumia kuliko midogo, maana kupandisha maji hadi juu kule ni kazi. Na msidhani bondeni kando ya mto ni salama siku zote. Mti uliozoea maji ya karibu haukupata sababu ya kupeleka mizizi mbali. Kijito kikikauka, huo ndio unaopata taabu kwanza, kama mtu ambaye hajawahi kulala na njaa.

Na kuna kaskazini. Hili watu wengi hawalioni mpaka waelezwe. Huku kwetu wakati wa kiangazi jua halipiti juu ya utosi. Simameni mwezi wa saba, saa sita mchana, mtazame kivuli chenu: kinaangukia kusini. Maana yake jua liko kaskazini, na miteremko inayotazama kaskazini inachomwa usoni mchana kutwa, miezi yote isiyo na mvua, huku mteremko wa nyuma ya kilima kilekile umekaa kivulini. Kilima ni kimoja, lakini kina nchi mbili. Ukitaka kujua msitu utaumia wapi, anza na misitu ya upande wa kaskazini.

Kilima cha Mama Skolastika kilitazama kaskazini.

Miaka hiyo ilikuwa ya ruksa. Malori ya wafanyabiashara yalianza kupanda hadi Sumbawanga kununua mahindi moja kwa moja kwa mkulima, mitumba ikafurika sokoni, na wanavijiji wakaambiwa wanaweza kupanda miti yao, kuikata na kuiuza wanavyoona wenyewe. Watu walishangilia. Upande mwingine, kazi za serikali zilipunguzwa, na Desideri alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Nililia siku ile. Jumatatu iliyofuata nikamkuta mlangoni kwangu, nondo begani.

"Mzee, si wamekupunguza?"

"Wamenipunguza kazini. Miguu hawajaigusa. Twende."

Tukaendelea hivyo, mimi na mshahara, yeye bila mshahara, na wala hakuniruhusu tulizungumzie. Nilimpelekea sukari kwa kisingizio kwamba mimi naogopa kuoza meno.

Mama Skolastika aliwaongoza akina mama wa kigango chao kupanda misindano, ile misonobari ya mbao, kwenye mteremko ule. Walipanda kabla sijahamia sehemu hiyo. Nilipofika miti ilikuwa imewazidi kimo, ya kijani, imenyooka, na Mama Skolastika alipoitembelea aliigusa mmojammoja kama anayehesabu watoto wanaorudi kutoka shuleni. Wakati ikiwa michanga aliibebea maji kichwani kutoka chemchemi ya chini, akipanda kilima kile kila jioni baada ya shamba.

Kisha kukaja mwaka wa ukame mbaya. Mvua ilichelewa, ikaja kidogo, ikaondoka mapema. Mahindi yalijikunja. Lakini misindano ilisimama, na watu wakasema hii ndiyo mali. Mwaka uliofuata mvua ikarudi vizuri kabisa, na pamoja na mvua ikaja familia ya Kisukuma, ikipanda kutokea Kaoze kule bonde la Rukwa, ambako malisho yalikuwa yameisha. Baba aliitwa Masanja, mtu mrefu mwenye maneno machache na utani mwingi. Mkewe Mama Kulwa, mama wa mapacha. Walikuja na ng'ombe wao, wakapewa mahali chini ya kilima, wakalima, wakajenga.

Na hapo, mvua ikiwa inanyesha na mito imejaa, misindano ikaanza kufa.

Ilianza vileleni. Majani yakawa ya manjano, kisha ya kutu, kisha yakaanguka. Ndani ya msimu mmoja sehemu kubwa ya mteremko ikawa kama imeunguzwa. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano, nami nikaitwa.

"Mimi sitasema mengi," Mwenyekiti alianza. "Ukame ulikuja, miti ikawa mizima. Masanja amekuja, miti inakufa. Na mvua ipo! Jamani, hilo nalo linahitaji chuo?"

Watu wakacheka na kunitazama. Masanja alisimama, ameegemea fimbo.

"Mwangaluka wazee wangu. Ng'ombe wangu wanakula majani. Misindano hawali. Wangekuwa wanaila, ningekuwa nimeshawaweka uwanjani Sumbawanga, watu waje kuwatazama kwa kiingilio."

"Wanakanyaga!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Wanakanyaga mpaka vileleni?" Masanja akauliza. "Basi ni ng'ombe wenye mabawa. Hao siwauzi."

Kicheko kikawa kikubwa. Mama Skolastika peke yake hakucheka. Alisimama, akapanga khanga yake, akangoja watu wanyamaze.

"Baba Kulwa, mimi sikuchukii. Mkeo nimempa mbegu za maharage. Lakini miti ile nimeibebea maji kwa kichwa hiki. Hama. Hama na ng'ombe wako, kabla haijafa na ile iliyobaki."

Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti alitaka kufunga shauri palepale. Nikanyoosha mkono, nikaomba wanipe nafasi ya kukitazama kilima. Akaguna, akasema mpaka Jumapili baada ya misa.

Jioni ile nilipita kwa Mama Kulwa. Nilimkuta anapepeta ulezi, mapacha wanaandika herufi chini kwa kijiti. Hakuniuliza kitu kuhusu mkutano. Akasema tu, "Tangu niolewe nimehama mpaka mikono inajua yenyewe. Naweza kufunga vyombo nimefumba macho. Lakini hawa ndiyo kwanza wameanza shule, Bibi Misitu. Mmoja amejua kuandika jina la mwenzake kabla ya lake."

Nikatoka pale, nikaenda moja kwa moja kwa Desideri.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo kazi ilipo. Mambo mawili yalikuwa yanawadanganya watu wale, na wala hawakuwa wajinga. Kwanza ni kule kuchelewa. Mti hauangushwi na ukame siku ya ukame. Mmewaona akina mama wanaouguza? Mgonjwa akiwa kitandani, mama anasimama imara, halali, hali, analainisha uji. Mgonjwa akipona, yeye ndiye anaanguka. Mti ni hivyohivyo. Mwaka wa kiu unajikaza, unakula akiba yake, mizizi midogo inakufa kimyakimya chini ambako hakuna anayeona. Mvua inaporudi hauna tena midomo ya kunywea, wadudu wa magome wanaunusa udhaifu wake, na unakufa katikati ya neema. Anayefika kijijini wakati huo, awe Msukuma na ng'ombe au padri na pikipiki, ndiye atakayelaumiwa.

Hilo nililijua. Nililijua siku ya mkutano. Lakini lisingetosha, kwa sababu jambo la pili sikulijua bado: kwa nini miti mingine ya mteremko uleule ilibaki mizima? Jua lilikuwa moja, mvua ilikuwa moja.

Asubuhi Desideri alinizuia kupanda kilimani. "Msitu unaoumwa usiuingie kwanza," akasema. "Ukiingia utaona mti. Nenda ng'ambo uuone msitu." Tukapanda kilima cha upande wa pili, tukakaa kwenye nyasi, tukatazama.

Tukaona mstari.

Juu yake miti ilikuwa ya kutu. Chini yake ilikuwa ya kijani. Na mstari wenyewe ulikatiza mteremko umenyooka, kama pindo la shuka. Tulitazamana. Chukueni hili, hata kama mtasahau mengine yote: ukame hauna rula. Unafuata mwamba, unafuata bonde, unazunguka vichuguu. Ng'ombe nao hawana rula, wanafuata majani na maji. Mkiona madhara yana ukingo ulionyooka, ulizeni mtu alifanya nini pale.

Na tukaona jambo la pili. Njia ya ng'ombe wa Masanja, nyekundu, inaonekana kabisa, ilipita katikati ya miti ya kijani. Ile iliyokufa, ng'ombe hawakuwa na habari nayo. Majani yalikuwa machache huko juu, wangefuata nini?

Ndipo tukavuka, tukapanda, nondo ikaingia kazini. Chini ya mstari, kila mti ulikuwa katika shimo tupu lililochimbwa hadi kupita tabaka gumu la udongo mwekundu, na nondo ilishuka vizuri. Juu ya mstari, kila mti ulisimama juu ya kituta. Vituta vilikuwa vimebonyea, vimeota nyasi, lakini ukivijua unavijua. Nondo iliingia mwanzoni kama kwenye uji, kisha, nga! Ikagonga tabaka gumu ambalo halijawahi kuguswa.

Desideri akaichomoa, akaifuta kwa kiganja.

"Ntumba," akasema.

Kwa ninyi mliokulia mjini, ntumba ni tuta la Kifipa. Mwisho wa masika mkulima analima nyasi, anazigeuza na kuzifukia ndani ya tuta la mviringo, zinaozea humo. Anapanda maharage juu yake, msimu unaofuata analisambaza, anapanda ulezi. Babu na bibi zetu walilisha uwanda huu mzima kwa ntumba, bila mfuko hata mmoja wa mbolea ya dukani. Mimi mwenyewe nimekula kwa ntumba mpaka nikafika chuoni. Na kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba ntumba za Mama Skolastika ndizo nzuri kuliko zote.

"Nani atamwambia?" Desideri akauliza.

"Wewe ni mzee mwenzake."

"Wewe ni mwanamke mwenzake. Halafu una kofia."

"Kofia itanisaidia nini, Mzee?"

"Akirusha kitu."

Tulibishana hivyo kuteremka kilima kizima, tukicheka kwa wasiwasi. Njiani tulimkuta Masanja pale ng'ombe wanapovuka kijito. Nikamwonyesha ukingo ulivyobomoka, na misindano michache iliyochubuliwa magome kwa kusuguliwa pembe. "Haya ni yenu," nikamwambia. Akayatazama yote, bila haraka. "Haya ni yetu," akakubali, na siku hiyohiyo akaanza kukata miba ya kuziba mahali pale na kufungua kivuko kingine kwenye mawe. Nilitaka mjue hilo. Ukitafuta ukweli ili kumwokoa mtu, usimpunguzie sehemu yake. Vinginevyo hakuna atakayeiamini sehemu iliyobaki.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Mama Skolastika. Usiku kucha nilikuwa nimejaribu maneno, na kila neno lilikuwa kali. Nilipofika nikayaacha yote. Nikamwomba aje kilimani anifundishe kutengeneza ntumba.

"Wewe Mfipa mzima hujui ntumba?"

"Naijua kwa kula. Kwa mkono siijui vizuri."

Alifurahi. Alichukua jembe lake mwenyewe, tukapanda, Desideri nyuma yetu. Kati ya miti iliyokufa akanionyesha: nyasi unazigeuzia hivi, kichwa chini, unavuta udongo wa juu tu, ule mweusi wenye mafuta, unafunika, unapigapiga kwa nyuma ya jembe. Maneno yake yalikuwa matamu. Nikamuuliza miti ilipandwaje. Akasema walipanda katikati ya tuta, kwenye unono, na miaka ya kwanza miti hii ya juu iliwahi ile ya chini kwa kimo, mpaka wakaicheka.

"Ile ya chini mliipandaje?"

"Ah, kule tulichoka. Mvua ilikuwa imeshatukuta, ntumba hatukuweza. Tulichimba mashimo tu, ya haraka, kwa sururu. Tuliona haya kuwaonyesha watu."

Aliutazama mteremko kuelekea chini, kwenye kijani. Kisha akautazama mti mmoja uliokufa karibu yake, akainua jembe, akaanza kuchimba. Sikumsaidia. Alichimba tuta lake mwenyewe kwa uangalifu, kama mtu anayefukua viazi asivikate. Mizizi ikaonekana. Yote ilikuwa imejikunja ndani ya tuta, inazunguka na kuzunguka kama kamba ndani ya kikapu, pale nyasi zilipokuwa zimeozea. Hapakuwa na mzizi hata mmoja ulioshuka kupita ule udongo mgumu. Chini ya mizizi palikuwa na uwazi mkavu, wa kuingiza mkono.

Aliingiza mkono. Akaketi chini.

"Kwa hiyo niliua mimi."

Vijana wangu, mtafika mahali kama hapo. Mtakuwa mmesema kweli na kweli imemkaa mtu kifuani, naye amekaa kwenye udongo mbele yenu. Msikimbilie kwenye gari. Nilikaa naye.

"Mama, si wewe. Jua la kaskazini lilikuwepo, tabaka gumu lilikuwepo, ukame ukaja. Tuta limeongezea. Maharage na ulezi vinakula unono wa ntumba na kuondoka kabla ya kiangazi. Mti hauondoki. Umebaki hapo kwenye tuta, unono umeisha, jua linatazama, na haukuwahi kulazimika kwenda chini. Ulilishwa vizuri mno."

"Kama mtoto wa kudekezwa."

"Kama mtoto wa kupendwa, Mama."

Desideri akaja akakaa upande wake mwingine. Akasema, "Na mimi ningepanda hivyohivyo. Mama yangu angenipiga kama ningepanda kwingine." Mama Skolastika akacheka kidogo huku machozi yanatoka, akajifuta kwa mkono wa udongo, uso wote ukawa mwekundu. Tulikaa pale mpaka jua lilipokuwa kali, kisha akasema tumwonyeshe na ile ya chini. Akatembea mti kwa mti, akiigusa.

Mnaweza kuuliza kwa nini nilihangaika hivyo, wakati ningeweza kwenda mkutanoni na kusema Masanja hana kosa. Fikirini: wangemfukuza, au hata wangemwacha kwa shingo upande, halafu masika yanayofuata wangepanda tena misindano kwenye ntumba nzuri, kwenye mteremko uleule. Miaka michache, ukame mwingine, kilio kilekile, na jirani mwingine wa kulaumiwa. Kujua mahali pa kuumia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kwamba ajue yule atakayeshika jembe.

Jumapili mkutano ulikuwa mfupi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza jua, mwamba, mizizi. Mama Skolastika alitangulia. Alikuwa amebeba shina lililokatwa la mti mmoja mkavu kutoka kilimani, na mizizi yake yote iliyojikunja, akaliweka chini mbele ya Mwenyekiti.

"Masanja hakuchimba tuta hili," akasema. "Nilichimba mimi, na ninyi nyote mkanisifu. Anayetaka kuona, apande kilimani, nitamchimbia mwingine."

Mwenyekiti aliutazama ule mti, akaupindua kwa mguu, akainama akaishika mizizi. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na ile yangu ya nyuma ya shule, nimeipanda kwenye nini?" Mtu akajibu, "Ntumba, Mwenyekiti." Akaondoka pale moja kwa moja kwenda kuitazama, na huo ndio ukawa mwisho wa mkutano. Masika yaliyofuata kijiji kilipanda upya kwa sururu, mashimo ya kuvunja tabaka gumu, na upande wa juu kabisa tuliwashauri wauache urudishe miti yake ya asili, ambayo inalijua jua lile kuliko sisi.

Lakini Jumapili ile, wakati watu bado wamelizunguka lile shina kavu, niligeuka nikaona Mama Skolastika hayupo. Nilimwona mbali, anateremka peke yake kuelekea chini ya kilima. Nikamfuata.

Mama Kulwa hakuja mkutanoni. Hakuna aliyekuwa amefika kumwambia lolote. Tulimkuta uani, mikeka imeshakunjwa, ngozi za kulalia zimefungwa, vyungu na vibuyu vimepangwa ndani ya tenga na kukazwa kwa kamba ya katani. Mapacha wamekaa juu ya mzigo, wamevaa sare za shule, labda kwa kuwa ndizo nguo zao nzuri. Aliposikia hatua zetu hakuinua uso. Alivuta kamba akaikaza zaidi.

Mama Skolastika hakumsalimu. Alipiga magoti kwenye vumbi upande wa pili wa tenga, akalitafuta fundo, akaanza kulifungua. Lilikuwa limekazwa kweli, akatumia meno. Mama Kulwa aliiachia kamba, akatazama tu. Fundo likaachia. Mama Skolastika akatoa chungu cha kwanza, akakipangusa kwa khanga yake ya kanisani, akasimama nacho katikati ya ua, anatazama huku na huku.

"Hiki, mwanangu," akauliza, "mahali pake huwa wapi?"

Mama Kulwa akamwonyesha kwa kidole.